Jengo Lililovishwa: Kisa cha Bibi na Bwana Waliolifunika Bunge la Ujerumani

 

Leo sikuleteeni historia ya malkia wala ya vito. Nakuleteeni historia ya jengo. Ni jengo kubwa la mawe, liko Berlin, Ujerumani, na mwaka 1995 lilivishwa kitambaa kutoka juu ya paa hadi chini ardhini. Likakaa hivyo siku 14, kisha likavuliwa. Watu wapatao milioni tano walikwenda kulitazama.

Mimi ni mtu wa cherehani na mapambo ya kumbi. Kwa hiyo nilipoijua habari hii, maswali yangu ya mwanzo yalikuwa ya kifundi tu: kitambaa gani, mita ngapi, nani aliyeshona, na upepo waliufanyaje? Lakini kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba ndani yake mna jambo linalotugusa sisi wanawake kuliko mita na uzi. Jambo lenyewe ni kufunika. Kuna kufunika kunakokipa kitu heshima yake, watu wakakiona vizuri zaidi. Na kuna kufunika kunakokifuta kitu, watu wakasahau kama kipo. Bibi na bwana waliofanya kazi ile waliyajua yote mawili, na bibi aliyajua zaidi.

Waliozaliwa siku moja

Bwana aliitwa Christo Javacheff. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1935 katika mji wa Gabrovo, Bulgaria, mji unaojulikana kwa viwanda vya nguo. Bibi aliitwa Jeanne-Claude. Alizaliwa Casablanca, Moroko, katika familia ya askari wa Kifaransa, na siku yake ya kuzaliwa ni hiyo hiyo: 13 Juni 1935. Subhanallah, mmoja huku Ulaya ya Mashariki, mwengine kule Afrika ya Kaskazini, siku moja.

Baba yake Christo alikuwa na kiwanda, na serikali ya kikomunisti ilipoingia ikakitaifisha. Christo alisomea sanaa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Mwenyewe alikuwa akihadithia kwamba wanafunzi walipelekwa vijijini kandokando ya reli iliyopitisha treni ya wageni kutoka Ulaya Magharibi. Kazi yao ilikuwa kuwaonyesha wakulima namna ya kupanga majani makavu na kufunika mashine kwa maturubai, ili abiria wakichungulia dirishani waone nchi imenawiri. Kijana akajifunza mapema kwamba turubai lina uwezo wa kubadilisha anachokiona mtu.

Mwaka 1957 alikimbia, akaingia Austria akitokea Prague, na mwaka wa pili akafika Paris. Hakuwa na uraia wala fedha, akawa anachora picha za watu wenye uwezo ili apate kula. Mmoja wa waliochorwa ni mama yake Jeanne-Claude, na hapo ndipo wawili hawa walipojuana. Mtoto wao wa kiume alizaliwa mwaka 1960, na mwaka 1964 walihamia New York, ambako waliishi maisha yao yote.

Kutoka kopo hadi jengo

Kazi zake za mwanzo huko Paris zilikuwa vitu vidogo. Alichukua kopo, chupa au sanduku, akalizungushia kitambaa na kulifunga kwa kamba. Kopo ambalo jana hakuna aliyelitazama, leo kila anayepita anauliza, ndani mna nini? Bahasha iliyofungwa ina mvuto huo. Wenyewe tunaujua, maana hata sanduku la bi harusi tunalipamba kabla hatujalifungua mbele ya watu.

Kisha vitu vikakua. Mwaka 1968 walilifunika jumba la maonyesho ya sanaa la Kunsthalle, mjini Bern, Uswisi. Walitumia polithini nzito inayopitisha mwanga, mita za mraba 2,430, na mbele ya mlango wakaipasua ili wageni wapate pa kuingilia. Hilo ndilo jengo la kwanza walilolivisha lote. Mwaka 1969 wakaenda Chicago, Marekani, wakafunika jumba jengine la sanaa kwa maturubai mazito nje, na ndani wakatandika vitambaa vya mafundi rangi sakafuni na kwenye ngazi. Mwaka 1985 walilivisha Pont Neuf, daraja kongwe kuliko yote yaliyosimama Paris. Kitambaa kilikuwa na rangi ya mchanga wa dhahabu, na watu wakawa wanavuka wakikanyaga juu yake. Daraja ambalo watu wa Paris walilivuka kila siku wakiwa na haraka zao, ghafla wakalivuka polepole wakitazama walikoweka miguu.

Hii ni sanaa ya aina yake. Hainunuliwi ikatundikwa ukutani. Inasimikwa mahali, mtu akaizunguka, akaingia, akapita juu yake, na kinachobadilika ni namna anavyokiona kile kiwanja au lile jengo alilolizoea.

Lakini kwa nini kitambaa kina nguvu hiyo? Hapa niachieni niseme kama fundi. Mteja akivaa nguo yenye lesi, shanga, maua na vifungo vya kung'ara, jicho linahangaika na nguo. Mvalishe kitambaa cha rangi moja, kizito kidogo, kinachoanguka vizuri, hapo ndipo unapoona kimo chake, mabega yake na mwendo wake. Jengo ni hivyo hivyo. Likiwa na madirisha mia, nguzo, sanamu na nakshi, jicho linahesabu vitu. Vifunike vitu vile vidogo, vinabaki vile vikubwa ambavyo ulikuwa huvioni: urefu, upana, uzito, namna jengo lilivyokaa juu ya ardhi. Na kubwa zaidi ni mazoea. Tunapita mbele ya nyumba zile zile miaka nenda miaka rudi, macho yanaruka. Siku ukikuta imevishwa, unasimama.

Jengo lenye mambo mengi

Jengo la Berlin linaitwa Reichstag. Mchoro wake ulikuwa wa Paul Wallot, ujenzi ulianza mwaka 1884, na lilifunguliwa mwaka 1894 kuwa nyumba ya bunge la dola ya Ujerumani. Sisi watu wa pwani hii jengo hilo si geni kwetu kabisa. Ujerumani ya wakati huo ilikuwa inatawala Tanganyika, na bajeti za makoloni zilikuwa zikijadiliwa na kupigiwa kura ndani ya kuta zile zile.

Tarehe 27 Februari 1933, wiki nne tu baada ya Hitler kuwa Kansela, jengo liliwaka moto. Moto huo ukawa kisingizio cha kuwakamata wapinzani na kufuta haki za raia. Mwaka 1945 vita vilipokuwa vinamalizika, askari wa Kisovieti walipandisha bendera yao juu ya paa lililokuwa limetobolewa na mabomu. Baada ya hapo Berlin ikagawanywa, na mwaka 1961 ukajengwa Ukuta ambao ulipita karibu sana na upande wa mashariki wa jengo. Lilikarabatiwa, lakini bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa Bonn. Reichstag likabaki kama nyumba ya urithi yenye ugomvi: hakuna anayeibomoa, hakuna anayehamia. Ukuta ulifunguliwa Novemba 1989, na nchi ikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Mwaka 1991 ikaamuliwa bunge lirudi Berlin.

Hilo ndilo jengo ambalo bibi na bwana wetu walitaka kulivisha. Wajerumani wengi walikuwa hawajui walitazame kwa jicho gani. Ni fahari? Ni aibu? Ni kaburi? Kila mtu alipolitazama aliona ile picha ya zamani aliyokuwa nayo kichwani.

Miaka 24 ya kupiga hodi

Wazo lilianza mwaka 1971, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, Michael Cullen, alipowapelekea postikadi yenye picha ya jengo. Christo aliliona lina maana kwake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyekimbia kutoka Mashariki kwenda Magharibi, na jengo lilisimama kwenye mpaka wa pande hizo mbili.

Wakaomba ruhusa. Mwaka 1977 walikataliwa. Mwaka 1981 walikataliwa. Mwaka 1987 walikataliwa tena. Hebu fikirieni, dada zangu: ni nani kati yetu akikataliwa mkopo au kibanda cha biashara mara tatu anarudi mara ya nne na bahasha ile ile?

Aliyekuja kuwafungulia mlango ni mwanamke, Rita Süssmuth, Spika wa Bunge la Ujerumani. Aliliona wazo lina manufaa kwa nchi iliyoungana upya, akaliunga mkono. Wapinzani nao walikuwa wazito. Kansela Helmut Kohl hakulitaka. Wolfgang Schäuble, mmoja wa viongozi wakubwa wa chama chake, alisimama bungeni kulipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba alama za taifa zinatakiwa ziwaunganishe watu, na jambo hili lingewagawa. Haikuwa hoja ya kipuuzi, maana nyumba ya watu wote haishikwi na mtu mmoja kwa sababu ana wazo zuri.

Ndiyo maana napenda walivyofanya. Hawakwenda usiku na kamba. Waliwaandikia barua wabunge zaidi ya 600, wakapiga simu, wakaenda maofisini kwao kuwaeleza mmoja mmoja. Tarehe 25 Februari 1994 Bunge lilikaa kwa zaidi ya saa moja kujadili kazi moja ya sanaa, kisha likapiga kura. Waliokubali walikuwa 292, waliokataa 223. Jengo lile lilivishwa kwa ridhaa ya wenyewe, na ridhaa hiyo ilitafutwa kwa miaka mingi kabla ya mita moja kukatwa.

Na fedha je? Hawakuchukua fedha za serikali wala ufadhili wa kampuni. Christo alichora michoro ya jinsi jengo litakavyokuwa, akatengeneza na vielelezo vidogo, vikauzwa kwa wanaonunua sanaa, na fedha hizo ndizo zilizolipa kazi nzima, mamilioni ya dola. Watazamaji hawakulipishwa hata senti.

Mita 100,000 na mshono wake

Sasa tuje kwenye kazi yangu. Kitambaa kilikuwa mita za mraba 100,000. Kwa hesabu ya nyumbani, ni kama doti 30,000 hivi za kanga, au viwanja 14 vya mpira. Malighafi ilikuwa polipropilini iliyofumwa nene, ndugu wa ile ya mifuko ya mchele, lakini juu yake kimepakwa alumini mpaka kikang'ara kama fedha. Kamba zilikuwa za buluu, jumla ya mita 15,600. Hakikuwa kipande kimoja. Vilikatwa vipande 70, kila kimoja kwa kipimo cha mahali pake, na kushonwa katika viwanda vya Ujerumani.

Halafu kuna siri ambayo fundi yeyote wa mapazia ataifurahia. Kitambaa kilikuwa mara mbili ya ukubwa wa uso wa jengo. Mara mbili! Ndiyo hesabu yetu ile ile: dirisha la mita mbili unanunua pazia la mita nne, la sivyo marinda hayakai na pazia linaonekana limebanwa. Wao walitaka kitambaa kianguke kwa mikunjo mirefu kutoka paani hadi chini, jua likipita huku kivuli huku. Kitambaa kilichobanwa ukutani kama karatasi ya zawadi kisingefanya hivyo.

Na hakikugusa mawe hivi hivi. Juu ya paa na minara, na kuzunguka sanamu na vyungu vya mawe, waliweka fremu za chuma, uzito wa tani 200 kwa jumla. Kitambaa kilining'inia kwenye fremu hizo, na sanamu zilikaa salama ndani. Wataalamu 90 wa kupanda milima walishuka na kamba ukutani wakikunjua vipande kidogo kidogo, wakisaidiana na wafanyakazi wengine 120 wa usimikaji. Kazi ya kuvisha ilianza tarehe 17 Juni 1995, ikamalizika tarehe 24 Juni.

Siku 14

Walichokiona watu hakikuwa jengo lililofichwa. Jengo lilikuwa pale pale, kubwa kuliko jana. Mnara ulijulikana ni mnara, mlango ulijulikana ni mlango. Lakini lile jiwe jeusi la vita na moto lilikuwa limelainika. Asubuhi liliwaka kama fedha, jioni likageuka rangi ya machungwa pamoja na jua, upepo ukipita mikunjo inatikisika kama jengo linavuta pumzi. Familia zilikaa kwenye majani mbele yake mpaka usiku. Walinzi wa kazi ile waligawa bure vipande vidogo vya kitambaa cha sampuli, na mpaka leo wako waliovitunza.

Tarehe 6 Julai siku zikamalizika. Kesho yake wakaanza kuvua, na vifaa vikapelekwa kutumika upya. Baadaye ukaanza ukarabati mkubwa uliosimamiwa na msanifu Mwingereza, Norman Foster, aliyeweka kuba la vioo juu ya paa. Raia wanapanda humo na kutembea juu ya vichwa vya wabunge wao. Bunge lilianza kukaa hapo mwaka 1999. Wengi husema zile siku 14 zilikuwa kama pumzi kati ya historia mbili: nchi ililifunika jengo lake la zamani, na ilipolifunua ikawa tayari kulitazama upya. Hilo ndilo neno "kufunika" kwa maana yake nzuri.

Na sasa, bibi mwenyewe

Mpaka hapa nimesema "wao". Lakini ukifungua magazeti ya miaka ya 1960, 1970 na 1980, hutaliona hilo "wao". Utaona jina moja tu: Christo.

Tangu mwaka 1961 bibi na bwana walikuwa wakifanya kazi zao kubwa pamoja, kwa mawazo ya wote wawili. Jeanne-Claude alikuwa hachori. Michoro yote ilikuwa ya mkono wa Christo, na hilo bibi mwenyewe alilisema waziwazi. Lakini kuna kazi kabla ya mchoro na baada ya mchoro. Kutafuta fedha, kujadiliana na mameya na mawakili, kusimamia mikataba, kubishana na maofisa, kuchagua kipi kifanyike na kipi kiachwe: hayo ndiyo yaliyomtoa mchoro kwenye karatasi akasimama barabarani. Walikuwa hata hawapandi ndege moja, ili ikitokea ajali mmoja abaki aimalize kazi.

Kutumia jina moja walikubaliana wenyewe. Waliona ni vigumu kwa msanii mmoja kukubalika, sembuse wawili, na zama zile mwanamke msanii hakusikilizwa kama mwanamme. Wakachagua jina lenye nafasi zaidi. Sitasema bwana alimdhulumu mkewe, maana wenyewe hawakusema hivyo. Nasema zama ndizo zilizofanya kumfunika mke kuwe ndiyo hesabu nzuri ya biashara.

Mwaka 1994, mwaka ule ule wa kura ya Bunge, walitangaza kwamba kuanzia hapo kazi zote kubwa za nje, na hata zile za nyuma tangu 1961, zitambuliwe kwa majina mawili: Christo na Jeanne-Claude. Ilikuwa miaka 33. Kwa hiyo Reichstag lilipovishwa, jina la bibi likavuliwa pazia.

Jeanne-Claude alifariki mwezi Novemba 2009, na Christo akafariki tarehe 31 Mei 2020. Mwaka uliofuata wasaidizi wao walilivisha lango la Arc de Triomphe, Paris, kama wawili hao walivyokuwa wamepanga. Kilitumika kitambaa cha mita za mraba 25,000 chenye rangi ya fedha na buluu, na kamba nyekundu mita 3,000. Chini ya lango lile kuna kaburi la askari asiyejulikana na moto usiozimwa. Kwa siku zote 16 moto ule uliendelea kuwaka. Walifunika lango, hawakufunika heshima yake. Na safari hii majina yalikuwa mawili tangu mwanzo.

Haikuwa raha tupu

Nisikupambieni kisa kikawa kitamu kuliko kilivyo. Mwaka 1991 walisimika miavuli mikubwa 3,100, ya buluu Japani na ya njano California, kila mmoja ukiwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Upepo mkali California uling'oa mmoja ukamuua mwanamke aliyekwenda kutazama. Wakaamuru yote ifungwe. Katika kuiondoa kule Japani, mfanyakazi mmoja naye alikufa kwa umeme. Kitambaa kikubwa na upepo si mchezo. Wanaopamba nje, ufukweni na kwenye bustani, wakumbuke kwamba turubai lililofungwa ovyo ni tanga, na tanga huondoka na chombo.

Wapo pia waliouliza kila mara: fedha zote hizi kwa kitu cha siku 14, kwa nini? Swali hilo ni letu pia.

Tunachokichukua sisi

Waislamu hatushangai jengo kuvishwa. Kaaba Tukufu huvishwa kiswa cha hariri nyeusi chenye nakshi za dhahabu na fedha, na hubadilishwa kila mwaka. Lakini ile ni ibada na hii ni sanaa ya watu. Siziweki kwenye mzani mmoja, wala sichukui mafunzo ya dini kwa Christo na Jeanne-Claude. Nachukua mafunzo ya kazi.

La kwanza ni kulitazama jengo kabla hujalifunika. Mabibi harusi wengi wanakuja na picha ya simu: "Nataka ukumbi uwe hivi." Ukumbi wa kwenye picha una dari ya mita sita, wetu una mita tatu na feni. Ukijaza vitambaa na maua hapo, utapata chumba kilichopungua na watu wanaotokwa na jasho. Ingia ukumbini mchana, mtupu, ukae. Tazama mwanga unaingilia wapi, nguzo ziko wapi, mlango unamleta bi harusi kutoka upande gani. Kama ni nyumba ya kale ya mawe, yenye zidaka ukutani na boriti za mikoko juu, muogope Mungu usizizibe. Funika kile kinachosumbua jicho, uache kile ambacho jengo lina haki ya kukionyesha.

La pili ni ridhaa na adabu ya ukuta. Fremu inasimama yenyewe. Misumari kwenye ukuta wa watu, gundi juu ya nakshi ya mlango wa kale, hayo ni madhara tunayomwachia mwengine.

La tatu ni fedha. Wawili wale walilipa kwa kazi ya mikono yao, na siku zilipokwisha hawakuwa na mdhamini wa kumrudishia fadhila. Usiku wa harusi ni mmoja. Kuwa wa muda mfupi si aibu, maana hata zile siku 14 watu hawajazisahau. Aibu ni mapambo ya usiku mmoja yakaacha deni la miaka mitatu, mama anakatwa kwenye kikoba, baba anauza shamba. Dini yetu imetukataza israfu, na pazia moja linaloanguka vizuri linashinda kumi ya kukopa.

La nne ndilo lililo karibu na moyo wangu. Katika kila harusi ya kisiwa hiki kuna wanawake nyuma ya pazia: aliyeshona, aliyepiga pasi mpaka alfajiri, aliyepika, somo aliyemkalisha bi harusi ndani. Shukrani zikitolewa kwenye kipaza sauti anatajwa mwenye ukumbi na mwenye muziki. Jeanne-Claude alisubiri miaka 33. Wetu tuwataje usiku ule ule, kwa majina yao, na tuwalipe kabla jasho halijakauka.

Stara ni pambo letu, alhamdulillah, na anayejistiri hajapotea machoni pa watu. Mwanamke aliyejifunika kwa hiari yake na kwa kumtii Mola wake anaonekana alivyo, kama lile jengo lilivyoonekana kwa kimo chake. Lakini kazi ya mikono yake, akili yake na jina lake havikuumbwa vifunikwe na mtu mwengine.

Allah awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na rehema, na awabariki wote wanaotafuta riziki kwa sindano na uzi. Aamin.